Saladi ya caprese, siki weka mbali

Jamani kama unatengeneza ile saladi ya Kiitaliano ya nyanya na jibini ya mozarela, caprese, yaani ya kisiwa cha Capri pale karibu na Napoli, usimwagie siki. Najua mahotelini wanaipaka ile siki nyeusi ya balsamiko mpaka sahani inakuwa kama imemwagikiwa oili chafu, ila kwao hiyo haimo, ni nyanya, mozarela, majani ya rehani, mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Nyanya ina uchachu wake wa kutosha.

Shughuli yenyewe iko kwenye maji. Mozarela mbichi inauzwa ikiwa inaelea kwenye maji yake na nyanya nayo ndo hivyo, sasa ukikata na kupanga hapohapo, mezani inafika supu, kwa hiyo kata jibini kwanza uiache kwenye chujio kama robo saa hivi, nyanya nazo slaisi nene, chumvi kidogo, zichuje kidogo. Ukipata ya maziwa ya nyati wa kufugwa ni tamu sana (bei yake sasa!) ila inatoa maji kuliko ile ya ng'ombe, wenyewe wanaiita fior di latte, na hiyo inakatika vizuri tu.

Itoe friji mapema, ikiwa ya baridi huisikii ladha. Rehani chana kwa mkono mwishoni kabisa, ukiikatakata mapema kwa kisu inageuka nyeusi. Mafuta ya zeituni hapo usibane.