Soma Bati Kabla ya Kulisafisha: Kufufua Harvard na Kufuatilia Ilikopita

Wengi wanaoanza kazi hii huja na msasa mkononi. Wameona ndege kuukuu iliyolala hangani miaka mingi, rangi imebambuka, na hamu yao ya kwanza ni kuiona inang'aa. Naomba uweke huo msasa chini. Ndege ya kijeshi ni jalada. Kila tabaka la rangi, kila muhuri wa mkaguzi na kila tundu lililozibwa liliachwa na mtu aliyekuwa na sababu. Ukishalikwangua, hakuna ofisi duniani itakayokupa nakala.

Mfano wangu ni Harvard, kwa kuwa ndiyo niliyoishika zaidi. Ni ndege ya mafunzo ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, iliyobuniwa na North American Aviation ya Marekani. Wamarekani waliiita T-6 Texan. Waingereza na washirika wao wakaiita Harvard. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000, ndiyo maana vipuri bado vinapatikana. Injini yake, Pratt & Whitney R-1340, ina silinda tisa zilizopangwa duara na nguvu za farasi 600. Propela imefungwa moja kwa moja kwenye injini bila giaboksi, hivyo ncha zake hufikia mwendo wa sauti, na hapo ndipo unapotoka ule mngurumo ambao aliyewahi kuusikia hausahau.

Hatua ya 1: Piga picha, usifungue kitu

Piga nje na ndani, kila paneli, ukiweka rula pembeni ya kila alama. Mwanga wa tochi upige kwa ubavu, usiuelekeze usoni mwa bati. Ukiumulika hivyo, herufi zilizopakwa rangi juu yake huinuka kama maandishi ya msumari kwenye mlango wa zamani. Niliwahi kumwaga dawa ya kutolea rangi kwenye paneli moja bila kuipiga picha, nikaona tarakimu za njano zikitiririka na maji kabla sijazisoma. Mpaka leo sijui zilikuwa zipi. Tangu siku hiyo, dawa haifunguliwi kwenye karakana yangu mpaka picha zote zimehifadhiwa mahali pawili.

Hatua ya 2: Tafuta namba zake zote

Ndege moja inaweza kuwa na namba tatu au nne. Chukua Harvard IIB, toleo lililotengenezwa na kiwanda cha Noorduyn, Montreal, Kanada, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa kuwa Marekani ndiyo iliyogharamia, ilipewa namba ya jeshi la Marekani. Kiwanda nacho kiliipa namba yake, mara nyingi inayoanza na 14 au 14A. Ilipopokelewa na RAF, jeshi la anga la Uingereza, ikapewa herufi mbili na tarakimu tatu: zinazoanza na FE, FH, FX au KF ni za Montreal, na zinazoanza na EX au EZ zilitoka Marekani. Ikiuzwa kwa nchi nyingine, inapata namba ya nne.

Usikiamini kibao cha kiwandani peke yake. Kibao kina ribiti chache tu, na mtu yeyote mwenye drili anaweza kukihamisha. Paneli za ubavuni pia huhama, kwa sababu mbele ya Harvard ni fremu ya mabomba ya chuma iliyofunikwa kwa mabati yanayofunguka. Ndege kumi zikifanyiwa matengenezo makubwa hanga moja, mabati huchanganyika. Mafundi wa zamani walilijua hilo, wakawa wanaandika ndani ya paneli tarakimu za mwisho za ndege husika kwa penseli, brashi au ncha ya msumari. Tafuta hizo. Zikipatana na kibao na namba iliyoko kwenye fremu, una mwanzo mzuri. Zisipopatana, usifadhaike, ziandike zote. Huenda una paneli ya ndege nyingine, na mwenye ndege hiyo anaitafuta.

Hatua ya 3: Fungua dirisha kwenye rangi

Hapa ndipo msasa unaporuhusiwa, kwa eneo lisilozidi ukubwa wa sarafu. Chagua mahali palipokingwa na jua, kama nyuma ya kifuniko au chini ya mkia. Vaa barakoa ya vichujio, si ya kitambaa, kwa sababu rangi ya kwanza ya ndege za zama hizo ni zinki kromati, na vumbi lake husababisha saratani. Msasa uwe umelowa maji muda wote ili vumbi lisiruke.

Anza na msasa namba 600, ukizungusha kidole polepole bila kukandamiza. Tabaka la juu likitoboka, hamia namba 1200, uendelee kwa mduara mdogo kuliko ule wa kwanza. Ukimaliza utaona pete, kama za mti uliokatwa: labda nyeupe ya mmiliki wa kiraia, kisha rangi ya fedha, kisha njano ya ndege za mafunzo, kisha kijani cha kromati, halafu bati lenyewe. Hesabu kutoka katikati kwenda nje, nawe umesoma maisha yake kwa mpangilio. Fanya hivyo sehemu tano au sita, ukilinganisha. Bawa lenye pete mbili kwenye ndege yenye pete tano limebadilishwa.

Hatua ya 4: Sasa nenda kwenye karatasi

Kwa ndege za RAF, anza na Fomu 78, kadi inayoonyesha ndege ilihamia kikosi gani na lini. Fomu 1180 ni kadi ya ajali. Kisha tafuta daftari za vikosi katika hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Kew, London: fungu la AIR 27 ni la skwadroni, AIR 28 ni la vituo, AIR 29 ni la vitengo vingine, zikiwemo shule za urubani. Katika daftari hizo Fomu 540 inasimulia mwezi ulivyokwenda, na Fomu 541 inaorodhesha safari zenyewe. Kadi za Marekani ziko kwenye kituo cha Maxwell, Alabama.

Kadi ya ndege iliyopelekwa ng'ambo mara nyingi ina mistari michache tu, halafu kimya. Kimya hicho kinazibwa na daftari za vikosi na daftari za marubani, ambazo nyingi ziko makabatini kwa watoto na wajukuu wao. Waandikie kwa heshima na uombe picha ya ukurasa, wala usiombe daftari lenyewe. Tahadhari na makosa ya taipureta: FT ikiandikwa FX, unaifuata ndege nyingine kabisa.

Kimya kimojawapo kinatuhusu sisi. Mwaka 1953 RAF iliunda kitengo kidogo, 1340 Flight, kwa kutumia Harvard zilizokuwa zikifundishia marubani Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe). (Namba hiyo haihusiani na injini R-1340, ingawa wanaotafuta mtandaoni huchanganya kila siku.) Zikiruka kutoka Thika na baadaye Mweiga, karibu na Nyeri, zilidondosha mabomu madogo ya ratili 20 kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walimokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Kitengo kilivunjwa 1955.

Ukikuta matundu yaliyozibwa chini ya mabawa, usikimbilie kusema ilikuwa Mweiga. Majeshi mengine pia yalifunga vishikizo vya mabomu kwa mafunzo; Afrika Kusini yenyewe ilitumia Harvard hadi 1995. Tundu linakuelekeza tu, karatasi ndiyo inayothibitisha. Lakini ikithibitika, iandike yote. Nimewahi kuombwa niweke "ndege ya mafunzo" na kuishia hapo, kwa kuwa mnunuzi hapendi habari za Kenya. Nilikataa. Waliokuwa chini ya miti ile ni sehemu ya historia ya ndege hiyo sawa na rubani aliyekuwa juu.

Hatua ya 5: Fungua ndege

Ondoa kwanza saa na vipimo vya zamani. Vingi vimepakwa rediamu ili vionekane usiku. Mwanga wake umeshakufa, mionzi bado ipo, kwani nusu-uhai wa rediamu-226 ni miaka 1,600 hivi. Vipime kwa kipima mionzi, usifungue kioo, na vikabidhi kwa wenye kibali.

Kisha nenda kwenye maungio ya bawa la nje na sehemu ya kati. Mwaka 2005 ndege ya aina hii ilipoteza bawa ikiwa angani Florida, na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikaamuru maungio hayo yakaguliwe kwa nyufa. Ufa huo jicho halioni. Lazima utumie dawa ya kupenya inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Ukiona aluminiamu imevimba na kutoka kwa maganda kama kitunguu, usiikwaruze ukaipaka rangi. Kipande hicho hakirudi angani.

Kila kipande unachokataa kifungie lebo: kilitoka wapi, kina mihuri gani, kimeondolewa kwa nini. Usikiuze kama chuma chakavu.

Hatua ya 6: Andika jalada, kisha chagua rangi

Gawa ukurasa sehemu mbili: yaliyothibitishwa na bati pamoja na karatasi, na yanayodhaniwa. Jambo lisihame upande bila ushahidi mpya, hata mwenye ndege akisihi.

Rangi utakayopaka itoke upande wa kwanza tu, ya kipindi kimoja unachoweza kukionyesha kwa pete na kwa kadi. Na lile dirisha ulilofungua, liache. Lipake vanishi isiyo na rangi, liandikie tarehe ndani ya kifuniko, na uchore mahali lilipo kwenye jalada ili fundi atakayekuja baada yako alipate bila kuwasha mashine ya msasa.