Hisa Zikigawanywa: Usiuze Kabla ya Kupiga Hesabu

Dada yangu mkubwa alinipigia simu alfajiri, sauti ikimtetemeka. Hisa zake 12, ambazo jana yake kila moja ilikuwa dola 480, zilikuwa zinasoma dola 120. "Mdogo wangu, nauza sasa hivi kabla hazijafika sifuri." Nikamwomba asibonyeze chochote, anisomee kwanza barua pepe zote alizotumiwa na dalali. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na jibu: kampuni imegawanya hisa, nne kwa moja, yaani kila hisa moja imekuwa nne. Programu ya dalali ilishabadilisha bei, idadi ya hisa ilikuwa bado. Jioni akaziona 48.

Kwa hiyo anza na hesabu. Hisa 12 kwa dola 480 ni dola 5,760. Hisa 48 kwa dola 120 ni dola 5,760 zilezile. Sehemu yako ya kampuni haijakua wala kupungua. Gawio la kila hisa, yaani faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa, nalo hugawanywa kwa nne. Jumla isipopatana baada ya siku mbili tatu, mpigie dalali.

Kisha fungua kumbukumbu za manunuzi. Dada alinunua kwa dola 300 kila hisa. Sasa aandike 75. Tafadhali usiiruke hatua hii. Ukiacha 300, siku ya kuuza utadhani umepata hasara kumbe una faida, na hesabu za kodi zitaharibika. Kama ulikuwa umeweka oda ya kununua au kuuza kwa bei fulani, iangalie upya.

Sasa uliza sababu. Kampuni hugawanya hisa bei ikishapanda mno. Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta, Juni 2024 iligawanya kumi kwa moja, bei ikashuka kutoka takriban dola 1,200 hadi 120, na ilisema inataka wafanyakazi na wawekezaji wazipate kwa urahisi. Siku hizi madalali wengi huuza hata kipande cha hisa, hivyo hoja ya mnunuzi mdogo imepungua nguvu. Ya wafanyakazi ingali na uzito: anayelipwa sehemu ya ujira kwa hisa hupata nafuu akiweza kuuza chache bila kugusa nyingine. Kuna pia faharisi ya Dow Jones, kipimo cha mwenendo wa soko la hisa la Marekani chenye kampuni 30, ambayo hupima uzito kwa bei ya hisa, si kwa ukubwa wa kampuni. Hisa ya dola 1,200 ingeiyumbisha yote. Apple iligawanya saba kwa moja mwaka 2014, ikaingia humo Machi 2015. Nvidia iliingia Novemba 2024.

Wapo wanaokataa. Hisa za daraja A za Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, hazijawahi kugawanywa, kwa sababu Warren Buffett, aliyeiongoza kwa miaka mingi, alitaka wanahisa wa kukaa, si wa kupita. Za daraja B, za bei ndogo zaidi, zilizotolewa 1996, ziligawanywa 50 kwa moja mwaka 2010 walipokuwa wananunua kampuni ya reli ya BNSF, ili hata mwanahisa mdogo wa reli aweze kulipwa kwa hisa.

Mwisho, na hapa naomba uwe macho sana, tazama mwelekeo. Kuna kugawanya na kuna kuunganisha. Benki ya Citigroup, Mei 2011, iliunganisha hisa kumi kuwa moja, na bei ikatoka takriban dola 4.50 hadi 45. Hapo pia hakuna aliyetajirika. Kampuni nyingi huunganisha baada ya bei kuporomoka, nyingine zikikimbia kuondolewa sokoni: soko la New York huionya kampuni ambayo wastani wa bei yake kwa siku 30 za biashara uko chini ya dola 1. Ukiona tangazo la kuunganisha, soma taarifa za fedha za miaka miwili iliyopita, hasa madeni na mauzo, kabla hujaongeza hata hisa moja.

Dada hakuuza. Ile 300 ameikata kwa wino mwekundu, juu yake ameandika 75.