Kabla ya kuomba kompyuta, jua nani atalipa umeme wa LUKU

Ukitaka kituo cha kompyuta mtaani kwenu, kampuni kubwa ziache kwanza. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na uwe na daftari mkononi. Kituo chetu kipo Manzese, Dar es Salaam. Kila anayeingia anaandika jina na shida yake: huyu anaomba mkopo wa chuo wa HESLB, yule anatuma maombi ya kazi serikalini, mama lishe anataka TIN, namba ya mlipakodi. Mwenyekiti alifunua kurasa zile taratibu, akakuta majina ya watoto wa majirani zake. Ndipo akatupa chumba kilichokuwa kimejaa viti vibovu. (Kwa watu wa nje funika safu ya majina, idadi na shida zinatosha.)

Sasa umeme, maana hapa ndipo vituo vingi vinapofia. Mwanzoni kampuni moja ilituletea kompyuta kumi za mezani zilizotumika, tukapiga picha kwa furaha. Ya mezani na skrini yake inaweza kula wati 150. Kumi kwa saa nane ni uniti 12 kwa siku. LUKU iliisha Jumatano tukafunga hadi Jumatatu, watoto wanachungulia dirishani. Iliniuma sana. Laptopu ya wati 40 ingekula karibu robo tu, kwa hiyo omba laptopu, na umwambie anayeleta vifaa waziwazi kwamba umeme nao unahitaji mtu wa kuulipia.

Wetu tulimpata jirani: wakala wa pesa za simu. Anayejaza hapa fomu yenye ada, kama ya mkopo wa HESLB, hupewa namba ya malipo, na hutoka kwenda kulipia kwake. Tulimhesabia wateja wa mwezi mmoja, akakubali kununua uniti kila Jumatatu. Mtafute mtu wa namna hiyo, ambaye kituo kikifungwa naye anapungukiwa.

Chuo cha jirani kiombe wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na siku moja ya intaneti yao ya kasi. Pakua Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti, na masomo yake, pia Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti. Vikishaingia havihitaji bando.

Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja: nani analeta nini, lini, na kikiharibika nani anatengeneza. Usomeni kwa sauti mbele ya wote kabla ya kusaini. Wakala wetu aliposikia sehemu yake ikisomwa, alisimama akaomba tuongeze kwamba Jumapili jioni tumkumbushe.