Lenzi ya mm 15: filamu au sensa?
Ukitafuta lenzi pana sana, ya mm 15 hivi, kwa kamera ya renjifainda (ile unayochungulia kupitia kidirisha chake, si kupitia lenzi), usiishie kuuliza bei. Jiulize itafanya kazi kwenye filamu au kwenye sensa, yaani kihisi cha mwanga cha kamera ya dijitali. Kioo cha nyuma cha lenzi nyingi za aina hii hukaa karibu mno na filamu, kwa hiyo mwanga wa pembeni huingia kwa mshazari mkali. Filamu haijali. Sensa hujali: kingo za picha hugeuka zambarau, na ukuta mweupe ndio unaoiumbua. Lenzi ya Voigtländer 15mm f/4.5 ya kwanza, ya 1999, ni ndogo na tamu kwa filamu. Toleo la tatu, la 2015, ni nene zaidi ila limesukwa upya kwa ajili ya sensa. Mwenye kamera zote mbili achukue la tatu. (Ukipiga nyeusi na nyeupe tu, la zamani bado linakutosha.) Kufokasi kusikusumbue: weka tundu la lenzi kwenye f/8 na umbali kwenye mita 1, kila kitu kuanzia kama nusu mita hadi mbali kabisa kinatoka safi. Ila kidirisha cha kuchungulia cha kupachika juu utakihitaji, maana fremu za ndani za kamera nyingi (mistari inayoonyesha mipaka ya picha) huishia mm 28.