Baada ya Chanjo ya Miezi 18: Jinsi ya Kumfuatilia Mtoto Hadi Aanze Chekechea

Akina mama wengi hapa Mombasa huhesabu kliniki kwa sindano. Mtoto akishachomwa ile ya surua na rubela ya miezi 9, na ya pili yake ya miezi 18, kijitabu cha afya ya mama na mtoto hutiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa, kikawekwa juu ya kabati, na hakiguswi tena hadi siku ya kuandikisha shule. Lakini kijitabu hicho kina kurasa za kuandikia uzito na urefu mpaka mtoto atimize miaka 5, na ukikifungua cha mtoto wa miaka 3 au 4, mara nyingi utazikuta kurasa hizo ni nyeupe. Mwongozo huu unahusu namna ya kuzijaza, na mambo ya nyumbani yanayofanya mstari wa ukuaji wa mtoto upande juu au ukwame.

Mizani na mstari

Mpeleke mtoto akapimwe kila mwezi mpaka atimize miaka 2, na baada ya hapo usiache miezi 3 ipite bila kumpima. Si lazima uvuke feri au upange foleni katika hospitali kuu, kwa kuwa kazi hii hufanywa katika zahanati yoyote ya umma iliyo karibu nawe. Mvue viatu na nguo nzito, mtoe nepi, na usiondoke kabla nukta haijatiwa kwenye chati ya ukuaji iliyo kijitabuni. Kilo zilizoandikwa pembeni peke yake hazitakusaidia sana.

Chati hiyo inafuata viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, ambavyo vilitokana na watoto wa nchi sita zenye hali mbalimbali, walionyonyeshwa na kulelewa vizuri. Chini kuna miezi, kando kuna kilo, na katikati kuna mistari iliyopinda inayoonyesha njia ambayo watoto wenye afya huifuata. Nukta moja haisemi mengi, kwani mtoto anaweza kuwa mdogo wa umbo kama wazazi wake na akawa mzima kabisa. La kutazama ni upande unaoelekea mstari unaounganisha nukta.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kike aliyekuwa na kilo 9.0 alipotimiza mwaka, akawa na 9.6 alipofika miezi 15, na kwa miezi 18 akapimwa akakutwa na 9.6 vilevile. Ukimtazama kwa macho hana kasoro, mashavu yamejaa, na hata kwenye chati bado yumo ndani ya eneo la kawaida. Hata hivyo mstari wake umelala, na mstari uliolala kwa miezi 3 katika umri huo ni habari kamili: ama hapati chakula cha kutosha, ama amekuwa akiharisha, ana minyoo au homa za mara kwa mara, ama kuna jambo lililobadilika nyumbani, kama vile mama kurudi kazini na mtoto kuachiwa mtu mwingine. Ndipo pa kumwuliza muuguzi, na ndipo pa kuchukua hatua, kabla mtoto hajakonda kiasi cha jirani kuona.

Jambo linalowatia wazazi hofu bila sababu ni kwamba mtoto hupunguza mwendo baada ya mwaka wa kwanza. Mwaka huo uzito wake huongezeka mara tatu, ilhali kuanzia miaka 2 huongeza takriban kilo 2 tu kwa mwaka na sentimita 6 au 7 za urefu. Hamu ya chakula hupungua kwa kadiri hiyohiyo, tumbo na mashavu hupungua, na nyanya akija kutoka Lamu husema mtoto ananyauka. Hanyauki, maadamu mstari wake unapanda.

Urefu ndio unaosahaulika zaidi, hata na baadhi ya wahudumu, kwa hiyo uombe kwa jina. Mtoto aliyekosa lishe kwa muda mrefu anaweza kuonekana mnene kumbe amedumaa, na mizani peke yake haiwezi kulionyesha hilo. Asiyetimiza miaka 2 hupimwa akiwa amelazwa, na aliyetimiza hupimwa akiwa amesimama. Nyumbani unaweza kuweka alama ukutani kila baada ya miezi 3: visigino, makalio na kisogo viguse ukuta, mtoto atazame mbele, kitabu kigumu kilazwe juu ya utosi, kisha uchore mstari chini yake na uandike tarehe.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba huwa na utepe wa kupimia mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo ulio chini ya sentimita 11.5 unaangukia rangi nyekundu na ni dharura. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, yaani anahitaji kuingizwa katika mpango wa lishe. Zaidi ya hayo, bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole kwa sekunde tatu. Ikiwa kishimo kinabaki pande zote mbili, mpeleke hospitalini siku hiyohiyo hata kama utepe unasema kijani.

Sinia na sahani ya mtoto

Kula pamoja kwenye sinia ni desturi nzuri, na sisemi iachwe. Lakini keti siku moja umtazame mtoto wa mwaka mmoja na nusu katikati ya mikono sita. Mkono wake unafika kwenye wali ulio pembeni, huku samaki na mchuzi viko katikati. Kaka zake wanamega kwa haraka. Yeye anaangusha tonge, anaanza kuliokota punje moja moja, anageuka kumtazama paka, na akirudi sinia imebaki mifupa. Kila mtu ataapa kwamba mtoto amekula, maana alikuwapo tangu mwanzo. Mtilie chakula chake kwenye kisahani, umkalishe palepale penye sinia pamoja na wengine, na awepo mtu mmoja anayejua amekula kiasi gani. Kati ya yote yaliyomo katika mwongozo huu, hili ni la gharama ndogo kabisa, na nimeona likiinua mstari uliokuwa umelala.

Kuanzia mwaka 1 hadi 2 mtoto anahitaji milo mitatu au minne kwa siku, kila mmoja kiasi cha robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima, pamoja na kitafunio mara moja au mbili katikati, na maziwa ya mama yaendelee hadi miaka 2 au zaidi. Uji wa wimbi uwe mzito, usiotiririka kijikoni upesi, kwa sababu uji mwepesi hujaza tumbo maji. Uongeze tui la nazi, njugu zilizosagwa laini au maziwa. Dagaa waliokaangwa wakasagwa wakawa unga huingia katika mboga yoyote bila mtoto kuwatambua.

Upungufu wa damu huwapata wengi wa umri huu, na hapa chai yetu ina lawama. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na mtoto aliyeamkia mahamri kwa chai ya rangi, kisha akachovya biskuti saa nne, amefika adhuhuri bila kupata kitu cha kumjengea damu. Mbaazi za nazi zilizobaki kwenye sufuria zinamfaa kuliko ile chai. Mpe kunde, maharagwe, ini, samaki na mchicha, na umfuatishie kipande cha embe, papai au chungwa, kwani vitamini C ya matunda husaidia chuma hicho kufyonzwa.

Mabuyu yamngoje akue. Kokwa lile lililopakwa sukari na rangi lina ukubwa unaotosha kabisa kuziba koo la mtoto mdogo. Njugu nzima na peremende ngumu nazo zisubiri mpaka apite miaka 4. Hata baada ya hapo asizile akikimbia, na awe amepiga mswaki tangu jino la kwanza lilipochomoza, kwa dawa ya meno yenye floraidi isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele mpaka afike miaka 3.

Maji, mbu na dawa za kila miezi sita

Maji ya mfereji kisiwani hutoka kwa zamu, na nyumba nyingi hununua mitungi kutoka kwenye mkokoteni. Yachukulie maji hayo yote kuwa hayajatibiwa: yachemshe mpaka yatokote barabara au utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha uyaweke katika chombo chenye kifuniko na bomba, ili mtoto asichovye kikombe. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kwa hiyo maji ya kisima chenye chumvi yabaki ya kufulia.

Madramu hayohayo ya akiba ndiyo mazalio ya mbu wa homa ya dengi, ugonjwa uliozuka Mombasa zaidi ya mara moja. Mbu huyu hupenda maji safi yaliyotuama, na huuma mchana, si usiku. Funika kila chombo, na umshushie mtoto chandarua hata anapolala adhuhuri. Chandarua cha usiku ni kwa ajili ya malaria, na hicho hakina mjadala.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama tumbo limetulia siku ya tatu. Usimnyime chakula. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili afidie alichopoteza. Asipoweza kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, hilo si jambo la kungoja asubuhi.

Tangu miezi 6 mpaka atimize miaka 5 mtoto hupewa vitamini A kila baada ya miezi 6, na tangu mwaka 1 hupewa pia dawa ya minyoo kwa mpangilio huohuo. Kampeni ya Malezi Bora hufanywa mwezi wa Mei na wa Novemba, na kukumbuka miezi hiyo miwili ni rahisi kuliko kuhesabu tarehe. Hakikisha dozi imeandikwa kijitabuni, hasa ikiwa alipewa shuleni ukiwa hupo.

Mchezo na maneno

Mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 anahitaji kujongea jumla ya saa 3 kwa siku, na ua dogo la nyumba ya Majengo au ngazi za ghorofa hazitoshi. Jioni mpeleke bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, akakimbie kwenye upepo. Televisheni na simu zisizidi saa 1 kwa siku akiwa na miaka 2 hadi 4, na kabla ya hapo zisiwepo. Najua jinsi simu inavyomnyamazisha mtoto ndani ya matatu, lakini kunyamaza ndiko hasa tusikokutaka, maana maneno huja kwa kuzungumzishwa. Anapokaa nawe jikoni mwambie unachofanya: hiki ni kitunguu, nakimenya, kinawasha macho, lete bakuli. Nyumba yenye Kiswahili, Kigiriama na Kiarabu haimchelewishi mtoto kusema. Atachanganya kwa muda, kisha atatenganisha.

Angalia haya kwa umri. Akifika miezi 18 awe anatembea mwenyewe. Akifika miaka 2 aunganishe maneno mawili, kama “mama maji”. Akifika miaka 3 watu wasio wa nyumbani waelewe sehemu kubwa ya anayosema. Asipofika, usitulizwe na kauli kwamba baba yake naye alichelewa. Omba apimwe masikio kwanza, hasa kama sikio limewahi kutoa usaha. Na mtoto wa umri wowote akipoteza alichokwisha kukijua, akaacha maneno aliyoyasema au akaacha kukutazama usoni, mpeleke kwa daktari mara moja.

Hatari za nyumbani

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa, kwa sababu yakipanda tena huingia mapafuni. Mkimbize hospitalini na chupa mkononi. Akiungua kwa uji au jiko, mmwagilie maji baridi ya kawaida kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala yai.

La wanja huwa gumu kulisema mbele ya wazee. Baadhi ya wanja wa unga unaouzwa madukani una risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na mtoto hujipangusa macho kisha akatia vidole kinywani. Mji huu unaijua risasi: watu wa Owino Uhuru kule Mikindani walifika hadi mahakamani kwa madhara yaliyotokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Usimpake mtoto wanja machoni, na anayefanya kazi ya betri au rangi avue nguo zake kabla ya kumpakata.

Mtoto akikaribia miaka 4, umri wa kuingia PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, kishushe kijitabu juu ya kabati miezi michache kabla. Apimwe uzito, urefu, macho na masikio, dozi zilizokosekana zikamilishwe, na kila ukurasa ulioandikwa upigwe picha kwa simu, kwani karatasi hizo huharibika kwa unyevu wa pwani. Kisha kirudi droo ya chini, mahali unapofikia bila kupanda kiti, kwa sababu bado kuna Mei moja au mbili na Novemba moja au mbili kabla hajatimiza miaka 5.