Jinsi ya Kupima Protiezi katika Majani Yanayozeeka na Machavulio

Protiezi ni vimeng'enya vinavyokatakata protini. Jani linapozeeka, hubomoa hasa Rubisco, protini ya kloroplasti inayoweza kufikia nusu ya protini mumunyifu ya jani zima, ili nitrojeni yake isafirishwe hadi kwenye mbegu kabla jani halijadondoka. Mwongozo huu unapima kazi hiyo kwa azokaseini, yaani protini ya maziwa iliyotiwa rangi, ambayo ikikatwakatwa rangi yake hubaki kwenye kimiminika.

Hatua ya 1: Chagua sampuli kwa hatua ya ukuaji, si kwa tarehe. Chukua jani la kijani kibichi, jani lililoanza kuwa njano kwenye ncha, na jani la njano kabisa, yote kutoka nafasi ileile ya shina. Kwa maua, panga matumba kwa urefu, kwa sababu tapetamu, yaani tabaka linalolisha chavua ndani ya chavulio (sehemu ya ua inayotengeneza chavua), hujiua kwa mpango katika kipindi kifupi, na ukichelewa utapima mabaki tu. Katika Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana katika utafiti, protiezi CEP1 hushiriki katika kifo hicho. Mimea isiyo nayo huchelewa kubomoa tapetamu na chavua yake hupungua rutuba.

Hatua ya 2: Saga gramu 0.5 za tishu katika kinu kilichopozwa kwa barafu, pamoja na mililita 2 za bafa (kimiminika kinachotunza kiwango cha uasidi) ya asetati ya pH 5.5 yenye asidi amino ya sisteini kidogo. Protiezi nyingi za vakuoli, yaani kifuko kikubwa cha maji ndani ya seli, hupenda uasidi huo. Usitie mchanganyiko wa vizuizi vya protiezi, ingawa maelekezo mengi ya kutoa protini huutaja, kwani utaua kile unachokitafuta. Zungusha kwa sentrifuji kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, kisha uchukue kimiminika cha juu.

Hatua ya 3: Changanya mikrolita 100 za kimiminika hicho na mikrolita 200 za azokaseini ya asilimia 1, acha kwenye nyuzi 37 kwa saa moja, kisha simamisha kwa asidi ya trikloroasetiki. Zungusha tena, ongeza hidroksidi ya sodiamu kwenye kimiminika cha juu, na usome kwenye nanomita 440. Kila sampuli iwe na kidhibiti chake, yaani mchanganyiko wa kulinganishia ambamo asidi hutiwa kabla ya azokaseini, kwa kuwa rangi za jani lenyewe hufyonza mwanga karibu na urefu huo wa wimbi.

Hatua ya 4: Hapa ndipo wengi hupotea, na mimi nilipotea hapa kwa majuma kadhaa. Ukigawanya kazi ya kimeng'enya kwa miligramu za protini, jani la njano litaonekana na protiezi nyingi hata kama hazijaongezeka, kwa sababu protini yenyewe imepungua na kigawanyo kimekuwa kidogo. Toa matokeo pia kwa eneo la jani au kwa uzito wa tishu mbichi, uulinganishe mwelekeo wa hesabu zote mbili kabla ya kusema protiezi zimepanda.

Hatua ya 5: Rudia kipimo baada ya kuloweka sampuli na kizuizi E-64 kwa nusu saa. Kiasi kinachopotea ni cha protiezi za sisteini, kundi la SAG12, protiezi ambayo ni alama mashuhuri ya uzee wa jani. Kinachobaki kisipuuzwe, kwani Arabidopsis isiyo na SAG12 bado huzeesha majani yake karibu kama kawaida, protiezi nyingine zikijaza pengo, zikiwemo za aspatiki, ambazo utazitenganisha kwa kizuizi chake, pepstatini A.