Chombo kinachokwenda mrama nangani

Tumbo la chombo likiwa la mviringo hukata maji vizuri safarini, lakini nangani halina kinachozuia mrama, yaani kuyumba ubavu hadi ubavu: maji huteleza tu pembeni. Tumbo lenye kona kali ubavuni, au lenye mikuku midogo ya pembeni (mbao zinazotokeza chini ya tumbo), husukuma maji kila linapolala, hivyo mrama hufa mapema. Balaa kubwa ni pale mawimbi yanapolingana na muda wa mrama wa chombo chenyewe. Pima: maji yakiwa shwari, kitikise, hesabu mirama 10 kwenda na kurudi, gawa sekunde kwa 10. Mawimbi ya ubavuni yakija kwa muda huohuo, hata madogo yatakilaza sana.

Umbo hulibadilishi ukiwa baharini, ila waweza kugeuza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Funga kamba ya pili kwenye kamba ya nanga, mbele ya omo, ipitishe nje ya kila kitu hadi tezi (nyuma ya chombo), upande ulio kinyume na mawimbi. Kisha legeza kamba ya nanga polepole mpaka omo iyaelekee mawimbi. Upepo ukiwa mkali usifanye hivi. Ubavu mzima utaukabili, na nanga inaweza kukokoteka.